Maboksi ya dharura ya WHO: nyota nne, ya tano naishikilia

Nasimamia kituo kidogo cha afya pembezoni mwa Goma, mashariki mwa Kongo. Natibu, najaza rejista, nagombana na stoo. Maboksi haya nimeyafungua vya kutosha kuyasifu na kuyasema.

Kwa asiyeyajua: ni seti ya dawa na vifaa iliyopangwa kuhudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu. Sehemu ya msingi ni maboksi yanayofanana, kila moja la watu 1,000. Juu yake kuna nyongeza, ya mahali penye daktari. Mpango wenyewe ni wa tangu miaka ya 1980. Toleo ninalolitumia ni la 2017.

Boksi la msingi ni zuri, tena sana. Halina dawa ya sindano hata moja, maana limekusudiwa mhudumu asiye daktari. Amoksilini ni vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, kwa hiyo mtoto hapigani nawe. ORS, ile chumvi ya kurudisha maji kwa anayehara, ipo, zinki ipo, dawa ya minyoo, mafuta ya macho, glavu. Mama mmoja aliinua kifuko cha zinki akaniuliza, "Dokta, hii ya bure inaponya kweli?" Nikamchorea jua juu ya kifuko kwa kalamu: mama, kila jua likitoka kidonge kimoja, siku kumi, hata kuhara kukikoma. Wiki iliyofuata alikuja na jirani yake, naye kabeba mtoto. Tangazo la namna hiyo halinunuliwi.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Tarehe 27 waasi wa M23 wakaingia mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa, Februari kambi za wakimbizi wa ndani zikatawanywa. Mwenye akiba benki na asiye na kitu wakapanga foleni moja kwenye dirisha langu. Bila dawa za bure ningewaambia nini? Hapo boksi lilistahili kila sifa.

Sasa malalamiko. Mofini, dawa kali ya maumivu, iko chini ya mikataba ya kimataifa, na kuivusha mpaka kunataka kibali cha serikali ya nchi inayoipokea. Serikali iko Kinshasa, mpaka umeshikwa na wengine. Kibali akitoe nani? Upo utaratibu wa dharura wa tangu 1996 unaoruhusu kuituma bila kibali hicho pale mamlaka isipopatikana, lakini karatasi ni karatasi, na kila mtu anaiogopa saini yake mwenyewe. Kwangu mofini haijafika. Nina parasetamoli na ibuprofeni. Kampe basi parasetamoli mtu mwenye risasi pajani, usubiri gari la kumpeleka hospitali, uone atakavyokutazama.

La pili linaniudhi zaidi kwa sababu halina siasa ndani yake. Dawa na vipimo vya malaria ni moduli ya pembeni, yaani fungu linalojitegemea, na mwagizaji anaweza kuiacha. Shirika lililotuagizia (silitaji, watu wake tunasalimiana) halikuiomba. Goma! Mbu wa hapa hawajasoma fomu ya maagizo. Ofisa wao alipokuja kupiga picha nilimwonyesha watoto watatu wenye homa kwenye benchi moja, akaandika kitu kwenye daftari. Kipimo nikaendelea kuwatuma wazazi wakanunue.

Halafu hiyo miezi mitatu. Vita vya huku kwetu Kivu vimewazidi wanangu umri. Hesabu ya watu nayo haikai: unapokea boksi la watu elfu moja, keshokutwa mtaa umejaa waliokimbia Masisi. Boksi linaisha mapema, na mwenye duka la dawa aliyekuwa jirani yangu alishafunga, maana nani atanunua kwake na kwangu ni bure? Linalofuata halina tarehe.

Ukiwa wewe ndiye unayejaza fomu huko Nairobi au Geneva: weka tiki kwenye malaria, siku hiyohiyo. Anza kuhangaikia mofini kabla mji haujabadilisha mikono. Kagua tarehe za kuisha. Mwongozo wa WHO unataka dawa ya msaada ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja. Na seti ya pili iagize wakati ya kwanza bado iko barabarani.