Ombi la kikatiba Mahakama Kuu ya Kenya: mlango uko wazi, hati ndiyo mtihani

Huduma hii, kwa sura yake ya sasa, iko tangu Katiba ya 2010, na bado wengi hudhani ni ya mawakili wakubwa na wanasiasa. Siyo. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani haki yake ikivunjwa au ikitishiwa, na pia kwenda kwa niaba ya asiyeweza kujisemea, kundi zima, au umma. Katiba inasema kufungua kesi ya aina hii hakutozwi ada, na kwamba mahakama ikihitajika ipokee hata hati isiyofuata mtindo; kanuni za mahakama zinakubali hata barua. Kwa upande wa kuingia, huduma inastahili alama za juu.

Ugumu uko kwenye kuandika. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, majaji hutaka mambo matatu yatajwe bayana: haki gani, inalindwa na kifungu kipi, na imevunjwa vipi. "Nimedhulumiwa kinyume cha Kifungu cha 27", yaani kile kinachokataza ubaguzi, haitoshi, na maombi yaliyoandikwa hivyo huanguka hata kama dhuluma ni ya kweli. Linganisha na hii: "Tarehe 4 Machi karani alikataa fomu yangu akisema mjamzito hawezi kusajiliwa, waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, wenye hati zile zile, walisajiliwa." Hapo pana kitendo, pana sababu ya ubaguzi iliyotajwa katika 27(4), na pana watu wa kulinganishwa nawe. Hao wa kulinganishwa ndio husahaulika zaidi. Kutendewa tofauti peke yake si ubaguzi. Upande wa pili utadai tofauti ilikuwa na sababu ya haki, na jaji atapima dai hilo kwa Kifungu cha 24, kinachosema haki inaweza kuwekewa mipaka lini. Asipoona nani alitendewa vingine katika hali kama yako, hana cha kupimia.

Orodha ya 27(4) ni ndefu (rangi, jinsia, ujauzito, ndoa, afya, kabila, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha na mengine) na haijafungwa. Halafu 27(5) inawafunga hata watu binafsi: mwenye nyumba, klabu, hospitali ya kulipia. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilimlinda mwanafunzi Mrastafari wa shule ya upili Nairobi aliyekatazwa masomo kwa ajili ya rasta zake. Nywele, lakini nyuma yake kuna dini na elimu, na ombi lililosema hivyo lilisikika.

Ombi liende na hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, vielelezo vikiwa na nambari. Kiapo, kunakili na kuwafikishia walalamikiwa hati vina gharama, kwa hiyo usiende mikono mitupu. Kama madhara yanaendelea, ambatisha ombi la amri ya muda pamoja na hati ya dharura. Kesi kamili huahirishwa mara nyingi, na kwa kasi huduma hii inapata alama za chini kabisa. Na yale unayoomba chini ya Kifungu cha 23, tamko la haki, zuio, fidia, yaandike yote.

Kosa jingine linalouma ni mahakama isiyo yake. Ubaguzi kazini ni wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mzozo wa shamba ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Pia, ikiwa sheria imeweka jopo la kusikiliza malalamiko ya aina yako, jaji atauliza kwa nini hukuanzia huko. Hakuna muda maalum wa kufungua ombi, ila ukikaa miaka bila maelezo, kuchelewa huko kutatumiwa dhidi yako.

Kwa asiye na wakili, ningeanzia Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Malalamiko hupokewa bure, na jibu ambalo taasisi itaandikia tume huwa kielelezo kizuri mambo yakifika kwa jaji.