Ukuta wa Nje wa Gari-Nyumba: Upi Ununue, Upi Uuogope

Wanunuzi wengi wa gari-nyumba huanzia ndani. Hufungua makabati, hulalia kitanda, huwasha jiko, kisha wakitoka huutupia ukuta wa nje jicho moja kuona kama unang'aa. Wanakosea mpangilio. Jiko bovu hubadilishwa kwa mchana mmoja. Ukuta ulioingiwa na maji unaweza kulimaliza gari zima wakati ndani bado kunapendeza.

Adui ni maji, na gari-nyumba huyakaribisha kuliko nyumba ya kawaida. Likiwa barabarani linatikisika kutwa nzima, na kila maungio yanachezacheza. Tena kuna jua. Alumini hutanuka kwa takriban mikromita 23 kwa kila mita, joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi. Ukuta wa mita 6 uliotoka kwenye baridi ya alfajiri ukapata joto la nyuzi 40 zaidi mchana hurefuka kwa zaidi ya milimita 5, na usiku hurudi palepale. Dawa ya kuzibia maungio inavutwa na kuachiwa hivyo mwaka mzima. Siku moja itapasuka, na mvua itapata njia.

Kwa hiyo ninapouangalia ukuta najiuliza mambo mawili: una maungio mangapi, na nyuma ya ngozi ile kuna kitu kinachooza au kisichooza? Mpangilio ulio hapa chini umetokana na maswali hayo. Mng'ao sikuupa alama hata moja.

Nafasi ya kwanza: ganda zima la faibaglasi

Hapa hakuna mbao za ukuta zilizopigiliwa bati. Faibaglasi hujengwa ndani ya kalibu, nusu ya juu na nusu ya chini, kisha nusu hizo huunganishwa kiunoni kama vifuu viwili vilivyorudishwa kuwa nazi. Pembe za ukuta, mahali ambapo magari mengine huanza kuvuja, hapa hazina maungio kabisa. Boler, trela dogo la futi 13 lililoanza kutengenezwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, lilijengwa hivyo, na baadhi ya yale ya zamani bado yanavutwa barabarani leo. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo kwa kitu kinachoishi mvuani.

Kasoro zake ni za ukubwa na bei. Kalibu ni ghali, hivyo watengenezaji huunda maumbo machache, na mengi ni madogo. Familia ya watu sita itabanana. Yaliyotumika nayo hayashuki bei haraka, jambo zuri ukiuza na chungu ukinunua. Usidanganyike pia kwamba hayavuji. Madirisha, tundu la hewa la darini na kila riveti (pini ya chuma ya kushikilia) iliyotoboa ganda vinahitaji kuzibwa upya mara kwa mara. Tofauti ni kwamba maji yakiingia hapa, ganda lenyewe halina cha kuoza. Kagua sakafu, kwa sababu hiyo mara nyingi ni ya plaiwudi.

Nafasi ya pili: ukuta wa tabaka usio na mbao

Ukuta wa tabaka ni ule laini, ulionyooka, unaouona kwenye magari mengi mapya. Umepangwa kama mkate wa sandwichi: karatasi nyembamba ya faibaglasi nje, ubao mwembamba wa kuishikilia, povu gumu katikati pamoja na fremu ya alumini, kisha ubao mwingine na urembo wa ndani. Vyote hugandishwa kwa gundi na kukandamizwa.

Siri yote imo kwenye ule ubao mwembamba unaoishikilia faibaglasi. Ukiwa wa plaiwudi, gari linashuka hadi mkiani mwa orodha yangu. Ukiwa wa plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo, linakaa hapa juu. Azdel ndilo jina la bidhaa utakalolisikia zaidi. Haioni uozo, hainywi maji kama plaiwudi, na ni nyepesi, jambo ambalo gari linalovuta trela lako litalishukuru kwenye kila mlima.

Muuzaji atakwambia "ni faibaglasi," akidhani amejibu. Hajajibu. Muulize nyuma ya faibaglasi kuna nini. Akikutajia ubao usio na mbao, uliza kama uko upande wa nje tu au na wa ndani pia, na kama ukuta wa mbele na wa nyuma umejengwa vivyo hivyo, maana si lazima gari zima liwe la aina moja. Taka jibu kwa maandishi. Na kumbuka kwamba ubao usiooza haumaanishi gundi isiyoachia: ukuta wa namna hii nao unaweza kubanduka, ingawa hautageuka uji.

Nafasi ya tatu: bati la alumini la mikunjo juu ya fremu ya mbao

Najua wengine watashangaa kuliona bati juu ya kuta nyingi za kisasa zinazong'aa. Ndiyo njia ya zamani: fremu ya mbao nyembamba, pamba ya kioo katikati ya mbao, na vipande virefu vya bati la alumini vilivyoshikana ukingo kwa ukingo. Ni rahisi kwa bei, na fundi yeyote mwenye mkono mzuri anaielewa. Tawi likikwaruza, kipande kilichoumia hutolewa kikawekwa kingine, ingawa mara nyingi itabidi kulegeza na vya jirani kwa sababu vimeshikana. Hata fremu iliyooza huweza kukatwa na kuwekwa mbao mpya. Hilo ndilo lililonifanya nilipandishe: ukuta huu ukiugua, unatibika.

Ila ugonjwa wake ni wa siri. Bati halivimbi, halibadiliki rangi, linasimama wima huku mbao nyuma yake zikigeuka unga. Maungio ni mengi, hasa pembeni, ambako ukanda wa alumini hufunika ncha za mabati kwa skrubu na utepe wa kuzibia. Chomoa ule mpira unaofunika skrubu uziangalie. Zikiwa na kutu nyekundu, maji yamepita. Skrubu za chuma zikigusana na alumini penye chumvi hufanya alumini iliwe na kutu haraka zaidi, kwa hiyo gari lililokaa pwani, au lililopita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, likaguliwe mara mbili.

Mvua ya mawe nayo huliachia bati vishimo ambavyo havirudi. Ni alama za sura tu, na ukiweza kuishi nazo, zitumie kushusha bei.

Nafasi ya nne: alumini laini ya riveti

Haya ndiyo magari ya fedha yanayogeuza shingo za watu. Ujenzi wake umetoka kwenye ndege: mabati laini juu ya mbavu za alumini, yakishikwa na riveti nyingi mno. Hawley Bowlus, aliyesimamia ujenzi wa ndege ya Spirit of St. Louis, alitengeneza trela la namna hiyo mwaka 1934, na kampuni ya Airstream ya Wally Byam ikafuata na trela lake liitwalo Clipper mwaka 1936. Ukuta wenyewe hauozi, na ganda lililoviringwa hupasua upepo vizuri.

Kwa uimara peke yake ningeliweka nafasi ya pili. Limeshuka kwa sababu ya gharama. Bei ni kubwa, na bati moja lililobonyea ni kazi ya fundi maalumu anayeng'oa riveti moja moja na mara nyingine kufungua ukuta wa ndani ili azifikie kwa nyuma. Riveti nyingi pia ni matundu mengi. Ukinunua lililotumika, angalia kingo za mabati na kandokando ya taa: nyuzinyuzi nyembamba kama buibui chini ya rangi ya kinga ni ulaji wa alumini ulioanza. Sakafu tena, hasa upande wa nyuma, ikanyage kwa uzito wako wote.

Mwisho: ukuta wa tabaka wenye plaiwudi

Ukiwa mpya, huwezi kuutofautisha kwa macho na ule wa nafasi ya pili. Ni mzuri, ni mwepesi kuosha, na ukinunua gari jipya ukalitunza chini ya paa utakaa nao miaka mingi bila tatizo. Wasiwasi wangu ni siku maji yatakapoingia. Plaiwudi huyanywa na kuyasambaza, gundi huachia, na faibaglasi hujitenga ikavimba kama malengelenge. Uvimbe mdogo huweza kudungwa gundi kali na kukandamizwa, lakini ukiwa mpana, dawa ya kweli ni kubadilisha ukuta mzima, na gharama yake huweza kupita thamani ya gari kuukuu. Ndiyo maana nauweka chini ya bati la mikunjo.

Kuhusu faibaglasi yoyote, ya ganda au ya tabaka: jua huichosha ile koti laini ya juu hadi ikatoa unga mweupe ukipitisha kidole. Huo si ugonjwa. Hung'arishwa ikapakwa nta, na nta mara moja au mbili kwa mwaka huuzuia usirudi. Plaiwudi iliyopakwa rangi tu, kama kwenye baadhi ya vitrela vya kujitengenezea, mwachie mtu anayependa kupaka rangi.

Siku ya kwenda kuliangalia

Nenda asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini. Simama kwenye pembe ya gari, weka shavu karibu na ukuta, utazame kwa urefu wake wote. Mwanga wa ubavuni huonyesha mawimbi ambayo mchana hayaonekani. Kisha pita na kiganja ukibonyeza chini ya kila dirisha, kandokando ya mlango na chini ya taa za juu. Gonga kwa kifundo cha kidole: sauti ikibadilika ghafla kutoka nzito hadi ya uwazi, rudi hapo. Ndani, fungua makabati ya juu pembeni, ambako wauzaji hawapaki rangi upya, unuse.

Beba kipima unyevu. Ni kifaa kidogo kisicho ghali. Mbao zilizo chini ya asilimia 15 ni kavu, na zikipita 20 kuvu wa kuozesha wanaweza kuishi humo. Pima sehemu unayoiamini kwanza, ndipo ulinganishe na pembe. Kifaa kisichochoma sindano hudanganywa na fremu ya alumini, hivyo usomaji mmoja wa ajabu usikutishe. Hatari ni eneo zima linalosoma juu.

Chunguza pia dawa ya kuzibia. Ukiona silikoni ya bafuni imepakwa juu ya dawa ya zamani, mwenye gari alikuwa anapambana na uvujaji, tena vibaya, kwa sababu karibu hakuna kinachoshika vizuri juu ya mabaki ya silikoni na fundi atalazimika kukwangua yote. Muulize aliziba nini na lini. Kwa gari jipya, isome dhamana sehemu ya maji: nyingi humtaka mwenye gari akague maungio yaliyozibwa kwa vipindi vilivyotajwa, na usipofanya dai lako linaweza kukataliwa, kwa hiyo piga picha za kila ukaguzi.

Na ukikuta uvimbe kwenye ukuta wa tabaka, hata uwe mdogo kama kiganja, usikubali kuambiwa ni wa sura tu. Faibaglasi imekwisha kuachana na kilichoishikilia, na hakuna anayeweza kukuonyesha maji yamefika wapi mpaka ukuta ufunguliwe.