HockeyDB na Elite Prospects: ipi inamfaa anayemfuatilia mchezaji wa kuhamahama?

Ukitaka kuipima tovuti yoyote ya takwimu za hoki ya barafu, tafuta humo jina la Mike Sillinger. Nyota aliyekaa klabu moja miaka 15 haisumbui tovuti: mistari 15, jina moja la timu, kazi imekwisha. Sillinger alichezea timu 12 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na hiyo ni rekodi ya ligi hiyo, na mara nyingi alianza msimu mji mmoja akaumalizia mwingine. Huyo ndiye anayeonyesha paa linavuja wapi.

HockeyDB ni ya bure na inaishi kwa matangazo. Aliyeianzisha ni Ralph Slate, huko Marekani, na sura yake bado ni ya tovuti za miaka ya 1990: hakuna video, hakuna madoido, ni majedwali tu. Andika jina la ukoo kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha hakikisha tarehe ya kuzaliwa kabla hujasoma namba yoyote. Hilo si jambo la kupuuza. NHL imekuwa na akina Sebastian Aho wawili kwa wakati mmoja, mmoja Mfini anayeshambulia, mwingine Mswidi anayelinda, na watu wamewachanganya sana.

Katika jedwali, kila mstari ni timu moja ndani ya msimu mmoja. GP ni mechi alizocheza, G ni mabao, A ni pasi za mabao, Pts ni jumla ya hayo mawili, PIM ni dakika za adhabu. Upande wa kulia herufi zilezile zinarudiwa kwa ajili ya mtoano, na hapo ndipo anayetumia simu anapokosea: jedwali ni pana, ukilisogeza kidogo unasoma mechi 6 za mtoano ukidhani ndizo alizocheza msimu mzima. Laza simu. Macho yasiondoke kwenye safu ya ligi pia. Glen Metropolit, mchezaji mwingine wa kuhamahama, ana "Nashville" kwenye mistari yake ya mwanzo, na mgeni atadhani ni NHL. Hiyo ni Nashville Knights ya ECHL, ngazi mbili chini ya NHL. Predators, timu ya NHL ya mji huohuo, walikuja 1998.

Nguvu ya HockeyDB iko hapo hasa, kwenye ngazi za chini. Mchezaji wa kuhamahama haishi NHL peke yake. Anashushwa AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL, akikosa nafasi anateremka ECHL, na mwaka wa mavuno mabaya anavuka bahari. Tovuti rasmi ya NHL inakupa hesabu ya NHL kwanza kabisa. HockeyDB inakupa ngazi nzima kwenye ukurasa mmoja, kuanzia ligi za vijana. Kwa Sillinger unaanza na Regina Pats huko Saskatchewan, Kanada, unafika 1989 alipochaguliwa na Detroit akiwa wa 11 kwenye uteuzi wa vijana, ambapo klabu za NHL huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, unapita Adirondack ya AHL, ndipo NHL inapokolea. Chini kabisa kuna jumla: mechi 1,049, mabao 240, pasi 308, pointi 548. Kwa kazi ya kupanga uti wa mgongo wa maisha ya mchezaji, sijaona cha kuishinda.

Ila jedwali linasema alikuwa wapi, halisemi alifikaje. Kwa mchezaji wa aina hii, kufikaje ndiyo habari yenyewe.

Chukua Metropolit tena. Msimu wa 2006-07 ana mistari miwili ya NHL, Atlanta na St. Louis. Msimu wa 2008-09 ana miwili tena, Philadelphia na Montreal. Kwa macho ni kitu kilekile. Lakini Atlanta ilimtoa kwa kubadilishana: yeye pamoja na nafasi za uteuzi wa vijana walikwenda St. Louis ili Keith Tkachuk aje Atlanta. Hapo kuna klabu iliyomtaja jina mezani. Philadelphia haikupata mtu wala nafasi kwa ajili yake. Alitangazwa kwenye orodha ya kuachiwa, na Montreal wakamchukua. Orodha hiyo hufanya kazi hivi: klabu ikitaka kumshusha mchezaji mzoefu, lazima kwanza imtangaze, na klabu nyingine zina saa 24 za kumdai, zilizo chini kwenye msimamo zikitangulizwa. Asipodaiwa, anapanda basi kwenda AHL. Mistari miwili inayofanana, mmoja ni biashara, mwingine ni kuokotwa.

Hapa msomaji aliyezoea soka anahitaji kuachana na dirisha la usajili na ada ya uhamisho. Katika NHL, klabu hailipi ada kwa klabu kumnunua mchezaji aliye na mkataba. Wanabadilishana mtu kwa mtu, au mtu kwa nafasi ya kuchagua kijana miaka ijayo, na mchezaji asiye na kipengele cha kukataa ndani ya mkataba wake hana la kusema. Anapigiwa simu, anafunga begi. Sillinger aliondoka kwa mkataba kuisha mara mbili tu: kutoka Ottawa kwenda Columbus 2001, na Nashville kwenda New York Islanders 2006. Kwingine kote alibadilishwa.

Kasoro kubwa zaidi ya jedwali inaonekana Julai 2003. Columbus walimpeleka Sillinger Dallas ili wampate Darryl Sydor. Siku hiyohiyo Dallas wakampeleka Phoenix ili wampate Teppo Numminen. Hakuvaa jezi ya Dallas hata kwa picha ya mazoezi ya msimu, na kwa kuwa kila mstari unadai walau mechi moja, Dallas haimo. Ukihesabu safari zake kwa kuhesabu mistari, unakosa moja. Ndiyo sababu hesabu za watu mitandaoni kuhusu "amebadilishwa mara ngapi" hazikubaliani: mmoja anahesabu timu, mwingine anahesabu dili.

Kosa la pili ni la upande wa pili. Mchezaji aliyepandishwa NHL mara sita na kurudishwa mara sita anapata mistari miwili tu, mmoja wa NHL, mmoja wa AHL. Ukiona mechi 12 juu na 50 chini, usidhani zile 12 zilifuatana. Zijumlishe: 62 kati ya msimu wa mechi 72 wa AHL inakaribia kujaa, kwa hiyo huyu alikuwa mzima, anapandishwa na kushushwa. Ikiwa ni 12 juu na 9 chini, hapo tafuta jeraha.

Na kabla ya kumhukumu mtu kwa mechi chache, jua msimu wenyewe ulikuwa na ngapi. Kwa miaka mingi kawaida ilikuwa 82. Misimu ya 1992-93 na 1993-94 ilikuwa na 84. Mgogoro wa wamiliki na wachezaji uliacha 48 tu msimu wa 1994-95, na 48 tena 2012-13. Msimu wa 2004-05 ulifutwa wote, kwa hiyo pengo hilo si jeraha wala kutemwa. 2020-21 ilikuwa 56 kwa sababu ya korona. Jedwali halikukumbushi lolote kati ya hayo. Pengo la 2004-05 kwa Sillinger linafuatwa na msimu wake bora wa kufunga: 2005-06 alifunga 22 St. Louis na 10 Nashville. Mabao 32, na bado alihamishwa katikati yake.

Elite Prospects ni mtoto wa Sweden, na inaonekana. Ligi za Finland, Uswisi, Ujerumani na za vijana zimo kwa kina, na ukurasa wa mchezaji unaonyesha anatumia mkono gani, urefu, uzito, klabu yenye haki zake NHL, na mara nyingi wakala. Kwa Metropolit, aliyepita Jokerit ya Helsinki na Lugano ya Uswisi kabla ya kurudi NHL, humu ndimo unapoona miaka ya Ulaya haikuwa likizo. Ina pia ukurasa wa uhamisho wenye tarehe, na hutenganisha tetesi na kilichothibitishwa. Tafadhali usiruke alama hiyo. Wengi hunakili tetesi kama habari. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya vipengele vimefungwa mpaka ulipie, na ukurasa umejaa mambo hata jedwali lenyewe unalitafuta. Kwa anayefuatilia wachezaji wa sasa, kulipia kuna maana. Kwa wastaafu, hapana.

Utaratibu unaofaa ni huu: fungua HockeyDB, nakili kila msimu wenye timu zaidi ya moja, halafu kwa kila mpaka kati ya timu mbili tafuta tarehe na aina ya uhamisho kwenye Elite Prospects au kwenye taarifa ya klabu. Andika neno moja pembeni: kubadilishwa, kuokotwa, mkataba mpya, mkopo. Kazi ya saa moja kwa mtu kama Sillinger. Angalia pia majina ya klabu yasikuhesabie mara mbili: Mighty Ducks of Anaheim wakawa Anaheim Ducks 2006, Atlanta Thrashers wakahamia Winnipeg 2011, na Phoenix Coyotes wakabadili jina kuwa Arizona 2014.

Safu moja inayodharauliwa kwenye tovuti zote mbili ni mahali pa kuzaliwa. Fungua ukurasa wa Cole Sillinger, mwana wa Mike, aliyechaguliwa wa 12 mwaka 2021 na Columbus. Familia ni ya Regina, lakini yeye alizaliwa Columbus, Ohio, Mei 2003. Miezi miwili baadaye baba akapelekwa Dallas, na kabla jua halijazama, Phoenix.