Mpango wa matumizi ya ardhi kijijini kwetu: natoa nyota tatu kati ya tano

Kuna wanaosifia hii huduma ya kijiji kupanga matumizi ya ardhi kama vile ni dawa ya kila kitu, na kuna wanaosema ni mlango wa nyuma wa kuuza vijiji. Mi nimekaa nayo tangu siku timu inashuka kwenye gari mpaka leo bango la mpango limepauka, acha niseme nilichokiona kwa macho yangu. Kijiji sitakitaja, wala wilaya, nina jirani zangu pale na bado nawahitaji.

Cha kwanza ambacho wengi hatukukijua: wilaya haiji kukupangia. Kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 halmashauri ya kijiji yenyewe ndo mamlaka ya kupanga, na mkutano mkuu, yaani kila mwenye miaka 18 kwenda juu, ndo unapitisha. Ile timu ya wilaya wanayoiita PLUM, bwana ardhi, bwana shamba, mtu wa mifugo, wa misitu, mama wa maendeleo ya jamii, hao ni wataalamu wa kusaidia tu. Sasa ukiwaona na vile vifaa na ile gari, unasahau, unakaa kimya kama mwanafunzi. Siku ya kwanza ndo tulivokuwa.

Siku ya pili ikanishangaza. Hawakutoa ramani yoyote, walifagia uwanja wakasema choreni kijiji chenu hapo chini. Majivu yakawa mto, mawe yakawa milima, vijiti vikawa barabara, majani makavu msitu. Wazee wakachora chemchemi wakiwa na uhakika kabisa, akasimama bibi mmoja akasema hapo ilikauka zamani, sisi tunaoteka maji tunajua ilipohamia, akaifuta kwa mguu akaisogeza. Hakuna aliyebisha. Kwa nusu saa hiyo peke yake ningewapa nyota tano na ya sita ya kuongezea. Alafu ndo wakaja vijana na GPS wakazunguka na sisi mipaka yote, siku tatu kwa miguu, wakahamisha yale majivu kwenda kwenye karatasi.

Kamati nayo ilichaguliwa vizuri. Kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi, wenyewe wanafupisha VLUM, kwetu walikuwa wanane, wanawake wanne, na walihakikisha wafugaji wana mtu wao na vitongoji vya mbali havikusahaulika. Kazi yake ni kuishauri na kuisaidia halmashauri ya kijiji: kukusanya maoni, kupendekeza hapa malisho, hapa kilimo, hapa makazi, hapa akiba ya watoto wetu, baadae kufatilia kama mpango unafatwa. Kupitisha haiwezi, kufukuza mtu haiwezi, faini haipigi mpaka kuwe na sheria ndogo zilizopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Wengi hawaelewi hili, wanaenda kumgombeza mjumbe nyumbani kwake usiku kama vile yeye ndo kaandika sheria. Mi mwenyewe nilikuwa mmojawapo.

Ilikuwa hivi. Nina kibustani cha nyanya chini karibu na mto. Ramani ilipotoka nikakiona kipo ndani ya rangi ya kijani, hifadhi ya mto. Nikawaka. Mjumbe, mama mtaratibu sana, akanikalisha akaniambia hizo mita 60 kutoka kingo za mto hazikuamuliwa na kamati, ni Sheria ya Mazingira ya 2004, mpango umeonesha tu kitu ambacho kilikuwepo. Sawa, hapo nilishindwa. Ila njia ya mifugo kwenda majini imepita ubavuni mwa shamba langu la juu, na hiyo ndo ilikuwa ya kujadiliwa, ingeweza kupita upande wa pili wa kichuguu bila kumuumiza mtu. Akaniuliza swali moja tu, siku ya mkutano mkuu ulikuwa wapi? Nilikuwa mnadani. Kwa hiyo kwenye hilo nyota sikati, ujinga ni wangu.

Nyota mbili nilizokata ni za baada ya gari kuondoka. Mwongozo wa kupanga una hatua sita, kuanzia maandalizi ya wilayani hadi usimamizi wa kijiji chenyewe. Kwetu zilienda fasta mpaka ya nne, ramani na mpango vikapitishwa, picha zikapigwa, bango likasimikwa. Ya tano, kuimarisha milki na kutoa hati za kimila, yaani karatasi za kumiliki ardhi ya kijiji, wakapata watu wachache, wengine tukaambiwa masjala ya ardhi ya kijiji, yaani chumba cha kutunzia kumbukumbu za ardhi, haijakidhi vigezo, na kweli masjala yenyewe ni kona ya ofisi ya mtendaji yenye kabati lisilofungwa. Ya sita ndo ile kamati. Wakati timu ipo kulikuwa na posho na maji ya chupa, timu ilipoondoka kamati haikuachiwa hata daftari. Mtu anahamia eneo la malisho analima, mjumbe anaona, aende na nini? Kwa baiskeli yake, kwa simu yake, akapambane na jirani yake bure? Wakabaki watatu wanaofanya kazi, yule mama akiwemo.

Na haimaanishi haiwezekani. Kiteto kule Manyara, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti walipanga malisho yao kwa pamoja wakayaita OLENGAPATA, kwa sababu ng'ombe hajui mpaka wa kijiji. Kwetu jirani zetu hawakuitwa hata siku moja, tukapanga malisho yanayoishia kwenye mstari wa penseli.

Je, ningependekeza? Ndio, bila kusita, ardhi isiyo na mpango inaliwa na mwenye mdomo mkubwa. Ila mkisikia timu inakuja kwenu, ulizeni bajeti ya hatua ya tano na ya sita kabla hamjaanza kumwaga majivu, ombeni nakala ya ramani ibaki kijijini sio wilayani tu. Na daftari la mahudhurio msisaini bila kusoma kichwa cha karatasi, la kwetu lilibandikwa nyuma ya muhtasari wa kupitisha mpango, na kuna jina la shemeji yangu pale ambae anaapa alifata sukari dukani akapita tu kusalimia.