Tahadhari: fundi wa video za picha za matanga na harusi, kati ya Tom Mboya Street na River Road

Ndugu zangu mlio Nairobi, hasa mnaojiandaa kwa matanga, kumbukumbu ya marehemu, ruracio (sherehe ya mahari) au harusi, someni hili kabla hamjatoa hata shilingi. Kuna fundi anayepokea picha za familia akiahidi kuzipanga ziwe video yenye muziki na maandishi, kisha kuichoma kwenye DVD. Yuko kwenye vibanda vya orofani, kati ya Tom Mboya Street na River Road. Diski anayokukabidhi haichezi popote, na ukirudi kulalamika ndipo anapoanza kukukamua.

Sitaandika jina la duka kwa sababu bango limeshabadilishwa, na laini ya simu pia. Ukitafuta jina utamkosa. Shikeni tabia zake.

Mama yangu alimpelekea picha za Baba kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Nyingi zilikuwa za karatasi, zile ndogo zenye kingo nyeupe: Baba akiwa kijana na sare ya reli, Baba na Mama wamesimama mbele ya pazia la studio, sisi watoto tumepangwa kwa urefu. Walikubaliana shilingi 4,000, nusu ikalipwa mwanzo kwa Till, nambari yake ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Siku ya kuchukua, fundi aliingiza diski kwenye kompyuta mbele ya Mama, akabofya, na video ikaanza. Kwaya, jina la Baba, tarehe zake, picha moja ikififia na nyingine kuingia. Mama alilia pale pale. Akamalizia deni, akapewa kasha lililochapishwa picha ya Baba, akaondoka akimshukuru.

Nyumbani, mashine ya DVD iliizungusha ile diski kwa muda mrefu, kisha ikaandika kwamba hakuna diski. Kwa jirani, hivyo hivyo. Ndugu yangu alipoifungua kwenye laptopu alikuta faili moja tu, ya ukubwa wa kilobaiti chache. Picha moja ya simu huwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi.

Hapo ndipo penye ujanja wenyewe, nanyi mnapaswa kuuelewa vizuri. Programu za kupanga picha kuwa video, za nyumbani na za studio, huhifadhi kazi yako kwanza kama faili ya mradi. Faili hiyo haina picha ndani yake. Ina maelekezo tu: picha fulani iko kwenye folda fulani ya kompyuta hii, ikae sekunde tano, wimbo uanzie hapa. Ukiifungua kwenye kompyuta ya fundi, inazikuta picha zote kwenye diski kuu ya mashine yake na video inacheza vizuri kabisa. Ukiipeleka kwingine haina cha kuonyesha. Mama alionyeshwa kazi iliyokuwa ndani ya kompyuta ya yule mtu, huku diski ikizunguka kwenye trei kama pambo. Hakuwa na namna ya kujua, na hakuna mzazi anayepaswa kulaumiwa kwa hilo. Huu ni mtego uliotegwa kwa mtu aliye na majonzi.

DVD ya kweli, ile inayocheza kwenye mashine ya sebuleni, unaitambua hivi: ukiifungua kwenye kompyuta unakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake faili zinazoishia kwa VOB, IFO na BUP. Folda hiyo isipokuwepo, ukakuta faili ya mradi, au faili inayoishia kwa exe, hiyo si DVD ya video hata kama kasha limepambwa vipi.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji kompyuta. Geuza diski, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utazame upande unaong'aa. Diski huchomwa kuanzia katikati kwenda nje, na sehemu iliyochomwa huwa na rangi tofauti kidogo na isiyochomwa, na mpaka kati yake huonekana kama duara. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Video ya nusu saa ikichomwa kwa ubora wa kawaida huchukua zaidi ya gigabaiti moja, kwa hiyo unapaswa kuona mkanda mpana unaoonekana bila taabu. Yetu ilikuwa na mstari mwembamba kama uzi kuzunguka tundu, kisha upande wote uliobaki ulikuwa mtupu. Mtu akikuuzia video ya saa nzima na diski ina uzi kama huo, usitoe pesa.

Mama alipompigia, jibu la kwanza lilikuwa kwamba mashine yetu ni ya zamani. Kauli hii ina ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana inawanyamazisha watu. Ni kweli baadhi ya mashine za zamani husumbuka na aina fulani za diski za kuchoma, hasa zile zinazofutika na kuchomwa upya. Ni kweli pia kwamba diski ambayo haikufungwa mwishoni mwa kuchomwa, yaani programu haikuikamilisha ili isomeke kwingine, inaweza kukubali kwenye mashine iliyoichoma na kukataa kwenye nyingine zote. Lakini kuifunga ni kazi ya fundi. Na hakuna umri wa mashine unaoweza kugeuza faili ya kilobaiti kuwa video.

Jibu la pili lilikuja ndugu yangu alipoenda mwenyewe. Sasa fundi akakiri kwamba video "haijatolewa" bado, kwa sababu programu inadai leseni, na bila leseni jina la programu litaandikwa katikati ya kila picha, usoni mwa Baba. Akamwonyesha. Kweli, maandishi yalikuwa yamekaa juu ya uso. Akasema leseni ya ProShow, programu anayotumia, ni shilingi 3,000, ailipie yeye kwa kampuni, kisha atatoa diski safi siku hiyo hiyo.

Tulizeni akili hapa. Photodex, kampuni iliyotengeneza ProShow, ilifunga shughuli zake mwanzoni mwa mwaka 2020. Hakuna kampuni ya kuilipa leseni hiyo leo. Hata ingekuwepo, leseni ni chombo cha kazi cha fundi, ananunua mara moja na kutumia kwa wateja wote. Yale maandishi yanatokea kwa sababu anatumia toleo la majaribio, ambalo programu nyingi za aina hii hulitia alama makusudi ili mtu anunue. Huyu ameigeuza alama hiyo kuwa mtaji: anakuonyesha uso wa mpendwa wako umechafuliwa, kisha anakuuzia usafi wake. Tumeshazungumza na familia nyingine mbili zilizopitia kibanda hicho, na kauli ya leseni ilikuwa ile ile.

Uongo wake mwingine ni wa "DVD ya HD". Ameuandika hata kwenye bango. DVD ya video katika PAL, mfumo wa televisheni unaotumika huku kwetu, ina mistari 576 na upana wa pikseli 720, basi. Mtu anayetaka ubora zaidi ya hapo anahitaji faili ya MP4 kwenye flashi, ambayo televisheni nyingi za sasa zinaicheza zikichomekwa moja kwa moja. Na hapa kuna jambo linalomfichua haraka kuliko yote: mwombe hiyo MP4. Fundi aliyemaliza kazi anaitoa kwa dakika chache, kwa sababu video ameshaitengeneza. Huyu anakataa, mara virusi, mara sera ya duka.

Kilichoniuma zaidi ni picha zenyewe. Alidai albamu ibaki kwake "kwa skana". Skana hakuwa nayo. Picha zilipigwa kwa simu chini ya taa, na ukizitazama kwenye ile kompyuta unaona doa la mwanga juu ya kila moja. Albamu iliporudi, tatu hazikuwemo, mojawapo ikiwa ile ya sare ya reli. Hatuna nakala yake. Tafadhalini, picha ya karatasi isiache mkono wako. Kaa hapo zikiskaniwa, au zipitishe mwenyewe kwenye sehemu yoyote yenye skana ya kioo: 300 dpi (nukta kwa kila inchi) inatosha kwa picha za kawaida, 600 kwa zile ndogo za pasipoti, kisha mpelekee fundi nakala kwenye flashi. Msimtumie kama picha za kawaida za WhatsApp, maana huko hubanwa na kupungua ubora.

Pia amekuwa akiweka vipande vya kazi za wateja kwenye status yake kama matangazo, majeneza na nyuso za watoto zikiwemo, bila kumwomba mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu picha za watu pia, na malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Pigeni picha ya skrini kabla status haijatoweka.

Kuhusu pesa: msifute ujumbe wa M-Pesa. Unaonyesha jina la Till, kiasi, tarehe na saa, na huo ndio ushahidi hata bango likibadilishwa mara ngapi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kujisimamia bila wakili. Sisi tunaandaa madai yetu. Anayetaka kuandaa ya kwake anaweza kuniandikia, nitamweleza tulichokusanya.

Kwa wanaouliza kama kazi hii inawezekana nyumbani: inawezekana. Windows DVD Maker iliyokuja na Windows Vista na Windows 7 iliondolewa kuanzia Windows 8, lakini DVDStyler ni ya bure, inapanga picha na muziki, inaweka menyu na inachoma diski yenyewe, bila kuandika chochote usoni mwa mtu. Chagua PAL. Kama laptopu yako haina sehemu ya diski, zipo za nje za kuchomeka kwa USB. Uliza Luthuli Avenue. Choma kwa mwendo wa polepole, acha programu ihakiki diski baada ya kuchoma, halafu itazame yote kwenye mashine ya sebuleni kabla ya siku yenyewe. Ndivyo binamu yetu alivyotuokoa usiku wa kuamkia ibada, kwa picha zilizokuwa zimesalia kwenye simu zetu.

Ukiamua kumpa fundi, na wapo waaminifu wengi pale mjini wanaoharibiwa jina na huyu, nenda na mashine ndogo ya DVD au kubalianeni ijaribiwe kwenye mashine ambayo si yake. Diski itoke kwenye kompyuta yake, iingie kwenye hiyo nyingine, icheze mwanzo, katikati na mwisho. Salio ulipe baada ya hapo.

Jambo la haraka: Ijumaa ndugu yangu alipita pale akakuta rafu zinashushwa na jirani wa kibanda akamwambia jamaa anahama. Albamu za watu zilikuwa kwenye katoni karibu na mlango. Kama ulimwachia picha zako, nenda leo au kesho asubuhi, uwe na mwenzako na ujumbe wako wa M-Pesa mkononi, uzichukue hata kama kazi haijaisha. Ukihitaji kuelekezwa orofa na mlango, niandikie kwa faragha.