TAHADHARI: UPS "zisizopiga kelele" zinazouzwa mjini, kispika kimeng'olewa makusudi

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, hasa nyinyi wenye steshenari, skuli na zahanati za binafsi. Kuna bwana hapa mjini anauza UPS zilizotumika (yale maboksi yenye betri yanayoishikilia kompyuta isizime umeme ukikatika), kazisafisha zinang'ara, kazitia stika mpya, bei yake kama nusu ya dukani, na sifa kubwa anayozipigia ni kwamba zake hazipigi kelele. Jamani hiyo si sifa, kang'oa kile kispika kidogo cha ndani kinacholia kukutahadharisha!!

Dada yangu kanunua moja kwa ajili ya steshenari yake. Umeme ulivokatika kompyuta ikazima papo hapo na ripoti ya mwanafunzi wa watu ikapotea, UPS haikutoa hata mlio mmoja. Fundi tunaemuamini akaifungua mbele yetu, betri imevimba mpaka imebana haitoki, lebo ya tarehe imebanduliwa, kispika hakipo, na mguu wa taa nyekundu umekatwa ili isiwake. Huo si uchakavu, mtu kakaa kitako akamziba mlinzi mdomo. Tulivomrudia akasema mali ikishatoka mlangoni hairudi, na risiti hakutoa.

Anachotegemea ni kwamba wengi hatujui ile milio na taa zinasema nini. Umeme ukikatika UPS ndogo nyingi hulia kwa kuachana, pii, kimya, pii, hapo iko sawa inakwambia inatumia betri uhifadhi kazi yako, na ikianza kulia haraka haraka au mfululizo ujue betri inamalizika. Ikilia na umeme upo, huku taa nyekundu au ya betri inawaka, mara nyingi ni betri imechoka au umeizidishia mzigo. Chomoa vitu kimoja kimoja, na anza na printa ya leza maana ile inapopasha moto inavuta umeme mwingi sana, haifai kabisa kuchomekwa kwenye soketi za UPS za upande wa betri. Tena VA 650 (volti-ampea, kipimo cha ukubwa wa UPS) iloandikwa kwenye boksi sio wati 650, nyingi zinabeba kama wati 360 mpaka 400 tu.

Nyengine zina taa ya waya za ukutani, hiyo ikiwaka maana yake waya za soketi zimegeuzwa au hakuna ethi, yaani waya wa ardhini. UPS yenyewe nzima! Lakini bwana huyu huyu kamwambia jirani yetu kuwa sakiti imeungua, akachukua pesa ya matengenezo, na jirani kurudi nyumbani taa inawaka vile vile, kumbe alikuwa anamtaka fundi umeme wa nyumba.

Na uongo wa "inakaa saa 3" usiukubali. Tulikuwepo wote umeme ulivokatika Unguja kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ndo maana mtu akisikia neno betri pesa inamtoka. Hesabu ni hii: betri ya volti 12 na Ah 7 (ampea-saa), ambayo ndo imejaa kwenye UPS ndogo, ina wati-saa 84, yaani 12 mara 7. Kompyuta ikila wati 150 hata kwenye karatasi haifiki dakika 34, na kiukweli ukipata robo saa shukuru. Isitoshe betri hizi joto linaziua, zikizidi nyuzi 25 umri unapungua, kila nyuzi 10 za ziada karibu nusu unapotea, sasa fikiria duka la bati wakati wa kaskazi.

Ukenda kununua popote, iwe Darajani au Chake, mwambie aichomeke, uweke globu ya zamani ya wati 60, kisha uchomoe plagi ukutani. Globu iendelee kuwaka na mlio usikike. Akisema imenyamazishwa kwa kitufe, sawa, zipo za hivo, airudishe sauti usikie mwenyewe. Na tarehe ya betri uione kwa macho yako.

Kama ushanunua kwake, fanya jaribio hilo hilo leo ukiwa huna kazi wazi. Isipolia, au ukisikia harufu ya yai viza au boksi limevimba, izime, iweke mbali na watoto, na usiifungue mwenyewe maana ndani mna umeme hata plagi ikiwa nje. Mpe fundi aifungue ukiwa umesimama pale pale.