Seva ya UT1 ya NIST: saa inayofuata mzunguko wa dunia, unaihitaji kweli?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo hakuna boksi la kufungua. Bidhaa yetu ni huduma ya bure ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inayotoka Boulder, Colorado: seva ya NTP (njia ambayo kompyuta hutumia kupata saa kupitia mtandao) inayokupa saa ya UT1, yaani saa inayofuata mzunguko wa dunia. Wanaoniuliza habari zake wengi wana darubini, kwa hiyo nitaipima kwa macho yao.

Kwanza tuelewane. Simu yako, laptopu yako, mitambo ya benki, vyote vinafuata UTC, saa rasmi ya ulimwengu, inayotokana na saa za atomu. UT1 haina habari na atomu. Yenyewe inafuata dunia imezunguka kiasi gani, na dunia haina mwendo mmoja: kuna miaka inajivuta, kuna miaka inaharakisha. Ndiyo maana tangu 1972 UTC imeongezewa sekunde 27, ili saa hizi mbili zisiachane kwa zaidi ya sekunde 0.9. Ya mwisho iliingia 31 Desemba 2016 kwa saa za UTC. Kwetu Afrika Mashariki mwaka mpya ulikuwa umeshaingia, inakaribia saa tisa usiku, na sidhani kama kuna aliyeshtuka.

Sekunde 0.9 si ndogo. Ukisimama Nanyuki, pale ikweta inapopita, ardhi inakubeba mita 465 hivi kila sekunde. Zidisha mwenyewe: zaidi ya mita 400. Angani, nyota zinasogea sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii) kwa kila sekunde moja ya saa.

Sasa NIST wanaipataje? Kuna antena kubwa za redio, mojawapo iko Hartebeesthoek, Afrika Kusini, zinazolenga kwazari, viini vya galaksi vinavyong'aa sana vilivyo mbali mno, na kupima dunia imegeuka kiasi gani. Vipimo vinakwenda IERS, shirika la kimataifa linalofuatilia mzunguko wa dunia, nalo hutoa kila wiki tangazo liitwalo Bulletin A. Humo mna tofauti ya UT1 na UTC ya kila siku, pamoja na makadirio ya siku zijazo. NIST wanaichukua namba hiyo, wanaijumlisha kwenye UTC yao, wanaituma kwa NTP ileile ya kawaida.

Na hapo ndipo pa kuwa makini! Pakiti ya NTP haisemi "mimi ni UT1". Kompyuta yako itaipokea kama saa nyingine yoyote. Ukiichanganya na seva za UTC, programu itaona mmoja anatofautiana na wenzake, na tofauti ikiwa kubwa itamtupa nje. Ukiiweka peke yake, kompyuta nzima itahamia UT1: kumbukumbu za mfumo, mafaili, kila kitu kitapishana na mashine za wengine.

Dawa ipo. Ukitumia chrony, programu ya kusawazisha saa ya kompyuta, mwishoni mwa mstari wa seva ya UT1 andika neno noselect. Maana yake: ipime, usiifuate. Saa yako inabaki UTC, na ukiandika chronyc sources unaiona tofauti mbele yako. Kwangu hii ndiyo njia pekee ya kuitumia kwenye kompyuta yenye kazi nyingine.

Kujiunga nako kuna masharti. Lazima uwaandikie uwape anwani yako ya IP, isiyobadilika. Ukiwa unatumia bando la simu kama wengi wetu, hapo umekwama, mpaka ukanunue anwani ya kudumu.

Tatizo kubwa zaidi ni umbali. NTP inadhani pakiti inakwenda na kurudi kwa muda sawa. Tuseme kwenda na kurudi Colorado ni milisekunde 250. Njia zisipolingana, kosa linaweza kufika 125. Kwa kawaida huwa dogo kuliko hapo, lakini hakuna wa kukuhakikishia. Na tangu 2021 tofauti ya UT1 na UTC haijazidi milisekunde 200. Yaani kosa la mtandao linaweza kulingana na kile kitu unachokitafuta! Bulletin A, ambayo ni faili la maandishi tu, haiumizwi na umbali. Ukisoma namba ya leo ukaijumlisha kwenye UTC iliyosawazishwa na seva za karibu, unamshinda anayeivuta UT1 kutoka Boulder. Wanaoandika Python, Astropy, maktaba ya Python ya mambo ya anga, inajipakulia jedwali la IERS yenyewe.

Kwa darubini ya nyumbani, unayoielekeza kwa nyota mbili kabla ya kuanza, usijisumbue. Ule ulengaji wa mwanzo unaifuta tofauti yote. Chuo chenye antena, anwani ya kudumu na programu ya zamani isiyo na pa kuingiza namba ya UT1, hao waiombe, na waiweke kwenye kompyuta yake peke yake.

Ingekuwa mwaka 2035 pengine ningesema mengine. Mkutano mkuu wa vipimo uliofanyika Ufaransa Novemba 2022 uliamua kwamba ifikapo mwaka huo kikomo cha tofauti hiyo kiongezwe, kwa hiyo UT1 na UTC zitaruhusiwa kuachana zaidi ya sasa. Programu zinazochukulia kwamba ni saa moja ndizo zitakazoanza kukosea. Kama unaandika ya kwako, weka sehemu ya kuingizia hiyo namba kuanzia sasa. Mstari wa chrony nimeuweka hapo chini ya video.